Maji ya Magotini Yaliyomwangusha Siwema

Jua linapochomoza Kidete, wachimba mchanga wameshaingia Mto Mkondoa. Wanazama na ndoo hadi kichwa, wanaibuka wakitema maji. Siwema Lucas amebaki ukingoni na chekeche la kokoto.

“Bosi, leo tena hushuki?” anamtania Abeli, mwenzake.

“Wewe chota, kaka. Acha maneno.”

Siwema ana miaka 31. Mchanga wa mto huu ndio unaomlisha yeye na wanawe wawili. Lori moja likijaa, nyumbani kuna unga wa wiki.

Mwezi Machi, maji yakiwa yanamfika magotini tu, alianguka.

“Nilikuwa nimetoka kuzama, nimesimama. Nikaona ukingo umepanda juu, mbingu iko chini. Natafuta pa kushika, nashika maji,” anasimulia.

Abeli alimvuta kwa gauni. “Nikamwambia, dada, pombe asubuhi yote hii?” anakumbuka.

Ilijirudia, kila mara asubuhi, maji yakiwa baridi. Mtaani wakasema ni kifafa. Wengine wakasema ni mashetani ya mto.

Hospitalini Kilosa, tabibu alimmulika sikioni, kisha akauliza anajichokonoa na nini.

“Unyoya wa kuku,” Siwema akajibu. “Sisi sote. Tukitoka majini tunatoa mchanga masikioni. Unyoya mmoja tunapokezana.”

Ule upande mgumu wa unyoya ulikuwa umetoboa ngoma ya sikio.

Tabibu akamweleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye majimaji, na ndivyo vinavyouambia ubongo kama mtu amesimama au anageuka. Maji baridi yakipita kwenye tundu, yale majimaji yanaanza kusogea, na ubongo unaamini mwili mzima unazunguka.

“Sikio? Mimi nilijua tunasimama kwa miguu,” anasema. Anajigusa sikio, anaondoa mkono haraka. “Na tundu nimelitoboa mwenyewe. Ningekufa kwenye maji ya magotini.”



Sikio likikaa kavu, tundu huenda likaziba lenyewe. Siwema anarudi Kilosa mwezi ujao kupimwa.

“Mwanangu mdogo ana miezi kumi. Tangu Machi sijambeba mgongoni, naogopa kuanguka naye,” anasema. “Nikiambiwa limeziba, habari ya mchanga itasubiri. Nitamfunga mgongoni palepale hospitali, nitembee naye hadi stendi.”