Kondoo wa Uprofesa

Tangu tangazo la kazi libandikwe ubaoni, sikukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Chuo chetu, hapa nje kidogo ya Nakuru, kilikuwa kinatafuta profesa wa nadharia ya siasa. Mzee aliyekuwa na nafasi hiyo alistaafu akaenda kufuga kuku, na mimi nikarithi madarasa yake bila kurithi cheo chake. Mkataba wangu ulikuwa wa muhula kwa muhula. Kila muhula ukiisha nilirudi kwa mwenyekiti wa idara kuuliza kama bado nipo. Sasa nafasi ilikuwa wazi, na nikiikosa, hata yale madarasa yangemfuata atakayeipata.

Sikushikika siku hizo. Nilifua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Nilitoka nyumbani kwenda sokoni, nikifika nasahau nilichofuata, narudi mikono mitupu. Dada yangu alinipigia simu akaniambia, "Wewe, hebu kunywa chai utulie." Nikamwambia chai ndiyo inanifanya hivi. Ningetuliaje? Nilikuwa nimesomesha watu wakawa mawakili, wengine wakawa waheshimiwa, na mimi bado naingia darasani kama mgeni aliyekaribishwa kwa muda.

Baba nilimwambia kwa simu, kwa sababu ni baba. Yeye ni mkulima wa viazi huko Mau Narok, mtu wa maneno machache. Aliuliza swali moja tu.

"Na wakubwa wa hapo wanatujua?"

"Baba, hii ni kazi ya masomo. Wanaangalia makaratasi yako na vile unafundisha. Basi."

"Sawa," akasema. Sawa ya baba haina maana kwamba amekubali. Maana yake ni kwamba ameshaamua na hataki kelele.

Wiki ya intavyu, sekretari wa idara alinisimamisha mlangoni. Ni mama mcheshi anayejua habari zote za chuo kabla hazijatokea. Siku hiyo alikuwa amejikaza asicheke.

"Daktari, wazee wenu walikuwa hapa jana. Walikuja na kondoo."

Nikadhani ananitania. Alinishika mkono akanipeleka dirishani, akanionyesha shamba la chuo. Kweli, kondoo dume mnene alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ua, anakula nyasi za serikali bila wasiwasi wowote.

Huku kwetu kazi haiombwi na mtu mmoja. Wazee huenda kukusemea, kama wanavyokwenda kumposea kijana mke: wanajipanga, wanavaa makoti, wanabeba kitu, wanasema huyu ni mtoto wetu. Tatizo ni kwamba wazee wetu walikuwa wanamjua mkubwa mmoja tu chuoni, yule mkuu wa kitivo cha kilimo, kwa sababu ndiye huwaita wakulima kuwaonyesha mbegu mpya za viazi. Basi wakaenda kwake. Baba na wazee wawili wa kanisa, kwa pikapu ya jirani, na kondoo, na gunia la viazi juu. Wakamwambia mtu wa viazi kwamba wamekuja kumuombea binti yao uprofesa wa siasa. Naye, kwa kuogopa kuwaaibisha wazee, akawapa chai, akapokea kondoo, akasema ataongea na wenzake.

Damu ilinichemka. Miaka yote nimesimama darasani nikisema kwamba hii habari ya "mtu wetu" ndiyo inatumaliza, kwamba ofisi ya umma si shamba la ukoo. Wanafunzi wangu walikuwa wanapita pale uani wakimpiga kondoo picha. Nikampigia baba.

"Baba, mlikuja chuo?"

"Tulipita tu kusalimia."

"Na kondoo?"

"Ulitaka tusalimie mikono mitupu?"

"Baba, hiyo ni hongo."

"Hongo ni pesa," akasema. "Huyo ni kondoo. Halafu tumempa mtu wa viazi, hata si wa upande wenu." Alisema hivyo kama mtu anayenipa habari njema. Nilikata simu kabla sijamkosea heshima.

Tulioitwa intavyu tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mwanaume wa makamo aliyefundisha mbali, hana hata jamaa mmoja sehemu hizi. Alinisalimia vizuri, akaniuliza choo kiko wapi. Kila mmoja wetu alipewa swali moja la kufundishia mbele ya kamati: kwa nini raia amtii mtawala? Yeye aliingia kwanza. Mimi nikabaki koridoni, natembea huku na huku, na kwa vile mlango haufungi vizuri nilimsikia. Alikuwa mzuri. Hakuwa na mbwembwe, alikuwa anafikiri pale pale, taratibu, unasikia wazo likijengwa. Nilimwonea wivu.

Zamu yangu ilipofika nilifundisha jinsi ninavyojua, kwa mikono na kwa sauti ya juu. Nilipomaliza, mwenyekiti wa kamati, mama mpole mwenye sauti ya chini, alifunga kalamu yake.

"Daktari, tumesikia kuna wazee walikuja kukuombea. Ungekuwa upande huu wa meza, ungemfanya nini mtu kama wewe?"

Nilijua kwamba lolote nitakalosema linaweza kuwa la mwisho.

"Ningemuondoa," nikasema. "Kama ndiye aliyewatuma. Mimi sikuwatuma. Lakini ni watu wangu, na siwezi kuwakana hapa ili nipate kazi. Hao wazee hawajawahi kuona kazi, kuanzia ya chifu mpaka ya nesi, ikipewa mtu ambaye hakuenda kusemewa. Kama hawaamini kwamba mtasoma makaratasi yangu, mimi siwezi kuwajibu kwa niaba yenu. Nyinyi ndio mnaweza."

Mmoja wa kamati alikohoa. Nikaambiwa asante, nikatoka nikijua nimejizika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuchungulia simu. Walipopiga kuniambia nimepata, nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikalia kama mtoto. Nilifurahi, sitadanganya. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokutana na mkuu wa kilimo koridoni. Alinipungia mkono kutoka mbali, akacheka. "Profesa! Si nilisema nitaongea nao?" Akapita. Sikujua kama ni utani. Nikaenda kwa mwenyekiti wa idara nikamuuliza kwa nini nilichaguliwa mimi na si yule mwenzangu. Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa.

"Umepata, Prof. Kwani shida iko wapi?"

Shida ilikuwa kwamba sikujua, na hapakuwa na mtu wa kunijulisha. Niliingia darasani nikafundisha habari ya haki, na kila nikitamka neno hilo namuona yule mwanaume akiniuliza choo kiko wapi.

Wazee walitaka nyama, na ilikuwa haki yao kuitaka. Niliwapeleka Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma kando ya barabara kuu. Wakakaa kwenye benchi na makoti yao, wakaletewa mbavu na ugali na kachumbari, wakaombea chakula kwa muda mrefu, wakamshukuru Mungu kwa uprofesa wetu. Waliniita Profesa kila sentensi. Nilikuwa nawapenda na nilikuwa nataka kuamka niende zangu, yote mawili kwa wakati mmoja. Wale wawili walipoenda kunawa nikamgeukia baba.

"Baba, nijibu ukweli. Kama mngebaki nyumbani siku ile, ningepata hii kazi?"

Nilitegemea ajigambe, au akasirike. Aliweka mfupa chini, akaangalia magari yakipita barabarani kuelekea Gilgil.

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana tulienda."