Askari wa Kakoba na Malaria Yangu

Namshukuru Mungu kwa miaka yangu sabini, ingawa mwezi uliopita alinishusha kidogo. Mimi ni katekista hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi. Mjukuu wangu aliniita Mbarara nikaone filamu fupi ya katuni aliyoichora. Niliona aibu kuacha mafundisho kwa ajili ya katuni, nikawaambia wanakwaya nina malaria. Nikaondoka bila hata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini.

Huko Kakoba, mtaa wa Mbarara, mlangoni mwa studio anakofanyia kazi mjukuu wangu, askari alinishika mkono.

"Wewe mzee! Karatasi yako iko wapi?"

Nilijiona mahabusu, nikajiona nikirudishwa mpakani. Nikapiga magoti, rozari mkononi, nikakiri yote: karatasi sina, malaria sina, nimedanganya kanisa zima.

Askari akageuka nyuma. "Mkubwa, huyu mzee muliyemuleta anaigiza kunishinda mimi!"

Ndipo nilipoiona kamera: pale mlangoni walikuwa wakirekodi filamu nyingine, ya waigizaji, na askari alikuwa mmoja wao. Kando yake alisimama Mama Furaha, kiongozi wa kwaya yetu, akingoja zamu yake ya kuigiza.

"Pole na malaria, mwalimu," akasema. "Rudia kutoka mwanzo, sauti haikuingia vizuri."