Chungu cha Nyanya Mbele ya Homugadi

Harufu ya njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, zikipondwa pamoja na ndizi mbichi hunisimamisha popote nilipo. Ikinifikia, nakuwa tena na miaka minane, nimevaa koti la kaka yangu, natetemeka kwa baridi ya Mlima Kenya.

Sisi tulikaa Kinoru, mjini Meru. Baba alikuwa dereva wa lori, na baada ya kuhangaikia pasi ya kusafiria wiki nzima alinipeleka kumwona nyanya, mamake mama, katika kijiji kipya walikokusanywa watu wa mlimani wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakipambana na wapiganaji wa msituni. Aliniacha langoni asubuhi, akasema angenipitia jioni.

Nilitarajia kelele za watoto. Nilikuta handaki lenye vijiti vilivyochongwa, vibanda vilivyobanana kama meno, na kimya. Hata jogoo hakuwika. Nikadhani majogoo wa mlimani ni wapole, kumbe walinzi walikwisha kuwala wote.

Nyanya alinipa kwanza uji wa wimbi uliochachuka. Mama alikuwa amenionya, "Ukipewa, usinuse. Kunywa." Nilikunywa. Uso ulijikunja wenyewe, na nyanya akacheka hadi akashika kiuno. Kisha akaepua chungu kikubwa, akaanza kuponda njahi na ndizi.

Homugadi mmoja, mmoja wa wale walinzi wa serikali, kijana wa papo hapo kijijini, akaingia bila hodi, bunduki begani.

"Chungu hiki chote ni cha nani?"

"Cha mgeni wangu."

"Mtoto mmoja? Hiki ni chakula cha watu wa msituni. Twende kambini."

Hata mimi nilijua kwamba waliopelekwa kambini hawakurudi upesi. Nyanya hakuinuka. Aliendelea kuponda.

"Kitovu chako nilikikata mimi," akamwambia. "Kaa chini uone chakula hiki kinakoenda."

Akanijazia bakuli. Nilipomaliza akalijaza tena. Tumbo liliniuma, lakini nilimtazama yule kijana machoni nikatafuna. Wakati huo wanawake walikuwa wakirudi kutoka kazi ya lazima ya kuchimba handaki, udongo hadi magotini. Nyanya akachungulia mlangoni akamwita kila mmoja kwa jina.

"Njooni mle na mjukuu wangu!"

Hakuna aliyeuliza swali. Waliingia kwa zamu, wakala wamesimama, wakimkazia macho mwenye bunduki. Chungu kilipobaki na ukoko tu, nyanya aliukwangua, akamnyooshea.

"Na huu wako, mwanangu."

Hakuupokea. Aliiweka bunduki sawa begani, akatoka.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kwa majivuno: nyanya alisingiziwa, tukamshinda mwongo. Nilikuwa nimekwisha kuolewa mama aliponiambia kwamba yule homugadi hakukosea. Chakula kile kilikuwa cha mjomba wangu na wenzake msituni. Siku ile nyanya alimnyima mwanawe na wenzake ili awaokoe, nami, niliyejiona shujaa wa bakuli mbili, nilikuwa nimekula sehemu yao. Nililia palepale jikoni.

Mama hakunibembeleza.

"Unalilia nini? Kesho yake aliwatelekea tena, chungu kilekile kikiwa kimejaa. Na siku hiyo hakuwa na mgeni wa kumfanya kisingizio."