Mkataba wa Ghorofa ya Tatu

Ghala la korosho la ushirika lilipofungwa mwaka 1993, Mfaume alikuwa ameshika funguo zake kwa miaka kumi na tisa. Wanunuzi binafsi walishaingia Kibiti na malori yao, wakulima wakawakimbilia, na asubuhi moja mkubwa wake akamletea bahasha ya kiinua mgongo na barua iliyosema kwamba amepunguzwa. Mfaume alirudi nyumbani akakaa barazani, akajitazama mikono na miguu. Amepunguzwa nini? Yeye alijiona yule yule.

Mtoto wao Amal alishakua na kwenda zake, na mkewe Waride hakuwa na nafasi ya kukaa barazani. Tangu biashara ilipolegezwa, alikuwa akiteremka kwa mtumbwi hadi Salale, akinunua kamba wakavu kwa wavuvi na kuwapeleka Dar es Salaam. Alianza na kikapu kimoja. Sasa alijaza nusu lori. Kule mjini alilala Temeke, sebuleni kwa binamu yake Mwanawetu, watoto wa watu wakimruka wakienda shule.

Jioni moja, akipepeta mchele, alisema, "Baba Amal, nimechoka kulala sebuleni kwa watu. Nataka kupanga. Kariakoo kuna maghorofa mapya, vyumba viwili, choo ndani."

"Choo ndani?"

"Ndani."

"Na jiko je?"

"Ndani vilevile. Mlango kwa mlango."

Mfaume alitikisa kichwa. Lakini lililomkaa rohoni halikuwa choo wala jiko. Alitaka kuuliza: nyumba hiyo ni yako au ni yetu? Swali lilifika kwenye meno, likarudi. Akauliza tu, "Utakwenda lini?"

"Jumatatu. Twende wote. Madalali wakimwona mwanamke peke yake wanampandishia bei."

Basi akaenda, asijue anakwenda kama mume au kama sanamu ya kutishia ndege shambani.

Dalali aliitwa Kibwana, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Kila neno alimwambia Mfaume: mzee hapa utapumzika, mzee angalia dirisha hili. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri, ila kodi yake ilikuwa kwa dola.

"Dola?" alisema Waride. "Wateja wangu wananilipa shilingi. Dola nitazivua wapi?"

"Nyumba mpya ndivyo zilivyo, mama."

"Kwani mchanga wake umetoka Marekani?"

Nyumba ya pili ilikuwa bado inanuka chokaa. Mfaume aligusa ukuta, kidole chake kikaacha alama. Mlinzi akawaambia wasijisumbue, imeshachukuliwa.

"Aliyeichukua yuko wapi?" aliuliza Mfaume.

"Ameilipia tu. Anakaa kwingine."

"Sasa kama anakaa kwingine, hii ameichukulia nini?"

Mlinzi alicheka akidhani mzee anafanya mzaha. Mfaume hakuwa akifanya mzaha. Aliwaza jambo hilo mpaka mtaa wa tatu: mtu alipie nyumba asimolala, na mwenye kutaka kulala humo arudi sebuleni Temeke.

Huko mtaa wa tatu walimkuta mwenye nyumba mwenyewe, Bwana Haidari, mtu mnene wa maneno machache. Alikuwa na vyumba viwili ghorofa ya tatu, kodi kwa shilingi, miezi sita mbele. Alitoa karatasi ya mkataba.

"Kazi yako, mzee?"

Mfaume alifungua kinywa. "Nilikuwa..."

Waride akaweka leseni yake ya biashara mezani. Bwana Haidari akaisoma, akamtazama mwanamke, akamtazama mwanamume. "Nimwandike nani?"

"Mwandike mama," alisema Mfaume. Naye akapewa nafasi chini kabisa ya karatasi, penye neno shahidi.

Ulipofika wakati wa kulipa, Mfaume alitoa ile bahasha ya kiinua mgongo. Waride akamrudishia mkono taratibu. "Hizo weka, Baba Amal. Nyumba ya Kibiti inavuja." Akafungua pindo la kanga yake, na hapo ndipo Mfaume alipoona kwamba bangili zake mbili za dhahabu hazipo mkononi. Ziliuzwa lini? Na mbona yeye ameambiwa akaezeke Kibiti? Ndiyo kusema anarudishwa?

"Kamba wasipande ngazi zangu, wananuka," alisema Bwana Haidari.

"Nina stoo sokoni," alijibu Waride.

"Wakaaji wangapi?"

Waride alimgeukia mumewe, akamtazama. Mfaume aliuona ule mtazamo, akaufasiri alivyoweza: ananisubiri nijiondoe mwenyewe, nisimwaibishe mbele ya watu.

"Mmoja," alisema.

Waride akainamisha kichwa. Bwana Haidari akaandika moja.

Mfaume alirudi Kibiti, akang'oa makuti, akaezeka bati. Mvua ilinyesha, ndani pakawa pakavu, na yeye akakaa chini ya bati lake akisikia kelele tupu. Waride alipopita kwenda Salale alisema naye kwa mkato, kama mtu aliyevunjiwa chungu. Kosa langu ni lipi? Nimeulizwa, nimejibu, nimeambiwa niezeke, nimeezeka.

Mwezi wa pili tangu mkataba, alichukua gunia la mchele akampelekea. Alipanda zile ngazi akihema. Ndani, kwenye msumari nyuma ya mlango, palining'inia msuli mpya, na kando ya kitanda kandambili za kiume ambazo hazijakanyagwa.

Mfaume alisimama. "Za nani hizi?"

"Za nani?" Waride aliweka mwiko chini. "Namba tisa ni mguu wa nani? Nilizinunua wiki ile ile, kabla hatujaandikiana mkataba. Halafu wewe ukasema mmoja."

"Nilidhani ndivyo utakavyo!"

"Nilikutazama ili useme wawili."

"Ulinitazama tu, Mama Amal. Ningejuaje?"

"Na mimi ningesemaje, mbele ya mwanamume mwenzio, kwamba mume wangu anahamia kwangu? Hilo lilikuwa lako kulisema."

Mfaume alikaa kitandani. Alijaribu kukasirika, akashindwa. Alijaribu kucheka, nako akashindwa. Adhana ya alasiri ikaita kutoka misikiti mitatu kwa pamoja. Alitawadha, akatandika mkeka, kisha akageuka huku na huku kati ya kuta nne zinazofanana.

"Kibla ni upande gani humu?"

Waride akamshika mabega, akamgeuza.

Kesho yake walimwendea Bwana Haidari. Alikata moja, akaandika mbili, akaongeza kodi kidogo kwa ajili ya maji, jambo ambalo Mfaume hakulielewa, maana maji yenyewe Waride alikuwa akiyapandisha kwa ndoo. Mfaume alikaa wiki tatu, akarudi Kibiti kwa palizi, akaja tena. Na mtu akimuuliza siku hizo anakaa wapi, alikuna kidevu kwanza.