Redio Isiyopenda Betri Mpya

Kabla ya wimbo wowote, kaseti ya zamani huanza na shaaa, kama mawese yanayopata moto taratibu. Wiki iliyopita sauti hiyo ilitoka kwenye kompyuta ya Kabange, mtoto wa ndugu yangu Ilunga, anayeniita Tantine, yaani shangazi, nami nikajikuta tena mtoto, mjini Kamina, mama amenifunga mdomo kwa kiganja.

Kabange alikuwa ameiingiza kaseti yetu kwenye kompyuta, na sasa alitaka kuipunguza faili ili amtumie baba yake.

"Tantine, hii iko na buzito, haitapita ku telefone. Tuifanye MP3."

Akanieleza kwamba mashine hutupa sauti ambazo sikio halizihitaji. Sikupenda. Nani aliiambia mashine sikio langu linahitaji nini? Kwenye kaseti ile tumeshapoteza vya kutosha.

Baba yetu alikuwa fundi wa reli na mpiga gitaa wa jioni. Wakati wa vita, miaka ya tisini ikielekea kwisha, askari walimpeleka na treni ya kwenda Kabalo, na treni ile haikurudi. Hatukuwa na picha yake. Sauti yake tu ilibaki, dukani kwa Papa Radjabu, rafiki yake, muuza vitenge ambaye wazee wake walitoka Maniema. Alikuwa amemrekodi akiimba, kaseti moja, na hakumwachia mtu yeyote.

Kisha askari wakaanza kuvunja maduka, na Papa Radjabu akaamua kuhama. Mama alipata habari asubuhi; lori lingeondoka mchana. Akamkimbilia. Kaseti yenyewe Papa Radjabu alikataa kuitoa, ila alikuja kwetu na redio yake tuinakili. Ndivyo tulivyofanya siku zile: redio mbili zinatazamana mezani, moja inaimba, nyingine inasikiliza na kurekodi, na ole wake atakayepiga chafya.

Tatizo lilikuwa betri. Treni hazikuleta kitu, na mji mzima ulianika betri zilizokwisha juu ya mabati, kama mihogo, zipate nguvu kidogo. Papa Radjabu alikuwa na mpya, za kutosha redio moja tu. Ziingie ipi? Akafikiri, akakata shauri:

"Mwenye kuimba njo iko na lazima ya nguvu, Mama Ilunga. Mwenye kusikiliza anaikala tu."

Hakuna aliyebisha. Betri mpya zikaingia redio yake, zilizoanikwa zikaingia yetu. Ilunga, aliyekuwa bado ananyonya, alipelekwa kwa jirani. Mimi kikohozi kilinipanda katikati ya wimbo, ndipo kile kiganja cha mama. Tulipoisikiliza nakala kwenye redio yetu, alikuwa baba mwenyewe, na jogoo wa jirani nyuma yake. Lori likaondoka, na habari za Papa Radjabu hatukuzisikia tena.

Miezi ikapita, betri mpya zikafika sokoni. Tukaziweka. Loo, ilitoka sauti ya kifaranga anayefukuzwa na mwewe. Tukajua kaseti imeharibika. Ilunga, aliyekuwa sasa ameanza kutembea, aliicheka mpaka akaanguka chini, maana yeye hakumjua baba. Mimi nilimjua, sauti yake ilikuwa nzito, na nilikuwa ninaisahau. Hilo lilinitisha kuliko askari.

Mama alizitoa betri akazitia kwenye tochi. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba: betri mpya zianzie tochini, zikishachoka ndipo ziingie redioni.

"Redio hii haipendi betri mupya," alisema.

Nilichukia. Kwa wenzetu muziki ulisikika mpaka barabarani. Yetu ilinong'ona chumbani kwa mama, sikio lake kwenye spika, mlango umefungwa. Nikasema moyoni, vita vimemfundisha ubahili. Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza, na sasa mama hayupo.

Nilipomsimulia Kabange hayo, aliisikiliza kaseti kidogo, akacheka. "Kaseti haikuharibika, Tantine. Redio yenu ilirekodi na betri za kuchoka, ikazunguka polepole. Ukiipigisha na nguvu, inakimbia. Na redio ya kupigisha ikichoka vilevile, njo sauti inakuwa sawa."

Akagusa kitu, wimbo ukapungua mwendo, na baba yangu akaimba. Nililia msiba ambao hatukuwahi kuulilia, kwa sababu mwili haukuonekana. Nikamkataza Kabange kupunguza chochote kwenye faili ile.

Kumbe miaka yote ile, betri zikichoka, mume wa mama alikuwa akirudi nyumbani. Sisi tulikaa upande wa pili wa ukuta, tukidhani mama ni bahili. Ninafurahi kwamba alikuwa naye. Lakini kwa nini hakutufungulia mlango, hilo linaniuma mpaka leo.