Kivuko cha Saa Nne

Safari hii ilianzishwa na jicho la mama mdogo Skola. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingiwa na ukungu, kama kioo cha dirisha siku ya baridi, na la kushoto lilikuwa linafuata. Madaktari wa macho huja Sumbawanga kwa wiki moja tu. Mwaka juzi walikuja, hakufika. Mwaka jana walikuja, hakufika. Safari hii mama yangu, ambaye ni dada yake, alinipigia simu kutoka nyumbani kwake Kasense, hapohapo Sumbawanga.

"Zamani alisingizia mawimbi," alisema. "Sasa kisiwani kwao wamepata kivuko kipya, mtu anakaa kwenye kiti kama yuko kanisani. Nenda ukamlete. Akikataa, mbebe."

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Sumbawanga nikiwa nimevaa masweta mawili. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, na nyanda za Ufipa zililala wazi, za rangi ya mkate, hadi zilipogusa mbingu. Sisi watu wa huku juu tumezoea kuona mbali. Labda ndiyo maana tunadhani tunaona kila kitu.

Baada ya Namanyere barabara ilianza kushuka. Kila kona nilivua kitu: sweta la kwanza, la pili, kisha kofia. Halafu ziwa likatokea kati ya vilima viwili, la buluu iliyokolea, likiwa kimya kana kwamba lilikuwa linanisubiri nimalize kuvua.

Saa saba mchana, Kirando. Kivuko kilikuwa kimetia nanga, cheupe, kina paa na maboya ya kujiokolea yaliyopangwa chini ya viti. Mchana huo kingepita visiwa vyote kikishusha watu, kilale kisiwa cha mwisho, kisha asubuhi kirudi kikiwakusanya. Mkata tiketi aliuliza ninatoka wapi. Nilipomjibu, aliwageukia wenzake.

"Jamani, kuna mtu wa Sumbawanga humu. Msimuudhi, asije akatuitia radi."

"Radi nimeiacha nyumbani," nikamwambia. "Imegoma kuvuka maji."

Walicheka, wakanipa kiti cha dirishani. Nikiwa mtoto niliwahi kuvuka maji haya kwa boti la mbao, nikiwa nimekalia gunia, nimelowa hadi kifuani, huku mama akisali rozari kwa sauti ya juu kuliko injini. Sasa nilivuka nikiwa mkavu. Jirani yangu, Mama Zuhura, alikuwa anarudi kisiwa hichohicho cha mama mdogo, na alikipigapiga kiti kwa kiganja kama anayesifia ng'ombe.

"Masika iliyopita mkwe wangu alishikwa na uchungu," alisema. "Kingekuwa kipindi cha maboti, mjukuu wangu angezaliwa majini. Alizaliwa hospitali, kitandani. Mtu akikisema vibaya kivuko hiki mbele yangu, tutagombana."

Nilifika kisiwani saa tisa nikiwa nimekwisha amua kwamba mama mdogo ni mkaidi tu.

Nilimkuta mchangani, ameinama, akikusanya dagaa waliokauka. Alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa kunibeba?"

"Ukikataa."

"Basi anza kwa kubeba hilo gunia."

Tulipomaliza alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akanieleza. Zilikuwa siku za giza. Mwezi usipoonekana, wanaume huvua kwa taa, na alfajiri dagaa hufika pwani kwa wingi. Wanawake huwanunua palepale, huwaanika jua likitoka, kisha kutwa nzima huwageuza na kuwafukuzia ndege, hadi kuwakusanya kabla ya umande. Asiyewageuza huambulia uvundo. Kivuko hupita saa nne, dagaa wakiwa wabichi kabisa. Na wiki ya madaktari, kwa mwaka wa tatu mfululizo, ilikuwa imeangukia gizani.

"Jirani asikusaidie?"

"Tazama," alisema. Nikatazama. Ufukwe mzima ulikuwa na wanawake walioinama. "Nani kati ya hawa ana mikono minne?"

"Lakini nani alichagua saa nne?"

Alicheka, kicheko kikavu. "Walikuja watu wa kivuko kutuuliza. Walikuja vizuri, na daftari. Waliitisha mkutano saa nne. Sisi tulikuwa hapa. Wakawauliza wanaume, ambao walikuwa wameamka, wamenawa, wanatafuta pa kwenda. Wakasema saa nne ni saa nzuri sana."

Mzee mmoja aliyekuwa akiziba ufa wa boti karibu nasi aliinua kichwa. Huyu alikuwa Kalisti, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Boti lake ndilo lililokuwa likivusha watu miaka yote. Siku hizi lilibeba magunia tu, mara moja kwa wiki.

"Mimi nilikuwa nawasubiri," alisema. "Sitoi boti mpaka dagaa wa mwisho amegeuzwa. Abiria wananitukana, nasubiri."

"Na ulikuwa unatulowesha," mama mdogo alimjibu.

"Nilikuwa nawalowesha," alikubali.

Asubuhi, saa tatu na nusu, nilikuwa nimefunga begi langu peke yake. Mama mdogo alikuwa amekwisha anika. Alikuwa akiwageuza dagaa kwa kupapasa, uso karibu na mchanga, na nikaona kwamba mwaka ujao hatawaona kabisa. Nilitaka kumwambia hivyo. Kivuko kikapiga honi mbali.

Ndipo Kalisti alipokuja, suruali imekunjwa hadi magotini, akachukua reki ya kugeuzia mkononi mwa mama mdogo.

"Nenda."

"Shemeji, hii kazi ya wanawake."

"Shemeji!" Mama Zuhura alipaza sauti kutoka kwenye mchanga wake. "Tukuletee na khanga?"

"Leteni, yenye maua," alijibu bila kugeuka. "Nimesubiri dagaa hawa kukauka miaka ishirini. Mnadhani nilikuwa nimefumba macho?"

Mama mdogo alisimama kidogo, mikono imejaa magamba. Kisha akanishika bega, tukaenda. Kwenye kivuko hakukaa kwenye kiti hadi ufukwe ulipopotea. Aliniuliza mara tatu, "Anawageuza?" Nikamjibu mara tatu kwamba anawageuza, ingawa mara ya mwisho nilikuwa naona maji tu.

Nilikuwa nimekwenda na hukumu moja, narudi na mbili, na zote mbili ni za kweli. Kivuko kile kimeokoa watu. Na kinapita saa isiyo ya wale wanaokihitaji zaidi. Kukijenga kulihitaji wahandisi. Kujua saa yake kulihitaji mtu wa kutembea hadi mchangani na kuinama.

Kasense kwa mama, siku ya nne baada ya upasuaji. Bandeji ilikuwa imetolewa, na mama mdogo alikuwa ameketi juani, akiyahesabu majani ya mgomba wa jirani kwa sauti. Ukafika mfuko mdogo kutoka kisiwani, ambao Mama Zuhura aliukabidhi kivukoni. Aliufungua, akamwinua dagaa mmoja hadi kwenye jicho jipya, akamgeuza huku na huku. Kisha akamtafuna polepole. Mchanga ulilia menoni.

"Kawageuza mara mbili tu, mzembe yule," alisema. Akachukua mwingine. "Lakini wamekauka."