Kibuyu cha Pacha

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mlezi katika nyumba ya watoto ya misheni, kule Mpanda, huniambia, "Mama, wewe una moyo wa huruma." Huruma nilikuwa nayo kidogo. Nilichokuwa nacho kwa wingi ni majivuno. Nilikuwa mjane wa miaka ishirini na minane, nimebatizwa, najua kusoma, na nina viatu vya ngozi. Katika miaka ile ya hamsini, mwanamke wa Kikonongo mwenye viatu alitembea kana kwamba barabara ni ya baba yake.

Nyumba yetu haikuwa ya yatima tu. Tuliletewa watoto walioona makubwa kuliko umri wao, wakaja nayo moyoni. Sista aliyetuongoza, Mzungu mfupi asiyependa makelele, alikuwa na njia yake. Aliyekojoa kitandani hakuchapwa, alisaidiwa kuanika shuka. Mwenye hasira alipewa jembe na tuta lake mwenyewe. Kulikuwa na mvulana aliyetoroka kwenda stesheni kila treni ilipopiga honi, maana mama yake aliondoka na treni akamwacha kwa jirani. Sisi tulitaka lango lifungwe. Sista alikataa, akaamuru mlezi wake amsindikize kila safari, wasimame pamoja mpaka abiria wa mwisho ateremke, kisha warudi kula. Tuliona ni kazi ya wendawazimu. Lakini kutoroka kuliisha, akawa anakuja kuomba ruhusa kama mtu mzima.

"Mtoto akae na mtu yule yule kila siku," Sista alituambia, "na mtu huyo asimdanganye." Maneno hayo nilikuwa nayakariri vizuri sana mbele ya walezi wapya.

Msimu mmoja wa mvua, mjomba mtu kutoka kijiji cha Kakese alituletea msichana wa miaka kama sita. Mama yake alikuwa amefariki, na tangu siku ya mazishi mtoto hakutamka neno. Alikula vizuri, alilala vizuri, ila kusema hakusema. Mkononi alikuwa na kibuyu kidogo, hakizidi ngumi ya mwanamume, kimefungwa kipande cha kaniki na shanga nyeupe shingoni. Ndani mlikuwa na makoko ya ugali na harufu ya uji uliochacha.

Nilikijua mara moja. Kwetu, pacha mmoja akifa, mama humtengenezea kibuyu cha kukaa mahali pake. Kila anapomlisha aliyebaki, hutia na humo kidogo, ili yule aliyekwenda asione wivu akamwita mwenzake. Shangazi wa mama yangu alikuwa nacho. Nilipokuwa mdogo nilikibeba mgongoni kama mtoto, nikakiimbia.

"Dada, huyu ni wawili," mjomba aliniambia. "Mkimpa yeye, mnampa na mwenzie."

"Hapa ni misheni," nilimjibu. "Mambo hayo yaacheni huko huko Kakese."

Mchana ule, mtoto alipokuwa akiogeshwa, nilikichukua kibuyu alichokiacha mkekani nikakitupa chooni. Nikanawa mikono kwa sabuni. Nilijiona nimefanya ibada.

Alipotoka kuoga alitafuta juu ya mkeka. Akauinua mkeka. Akatafuta nyuma ya mlango, halafu akaniangalia. Hakulia. Angelia ningemfokea, yakaisha. Jioni ile hakula, na asubuhi hakula.

Sista alisema tumngojee. Tulimngojea siku ya pili na ya tatu, anakunywa maji tu na kugeukia ukutani. Siku ya nne alikuja dresa wa zahanati, akamfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. "Ikifika Jumamosi hajala," alisema, "apande treni apelekwe hospitali kubwa." Kutoka kwetu mpaka huko ni usiku na mchana ndani ya behewa. Nilimtazama mtoto yule, mikono yake imekuwa vijiti, nikajua akipanda treni hatarudi.

Sista alitukusanya. "Kuna jambo lolote lililompata hapa kwetu?" aliuliza. Wenzangu walitikisa vichwa, kwa kuwa hawakujua. Mimi niliyejua nilivitazama viatu vyangu. Mpaka leo nikikumbuka dakika ile naona aibu mpaka masikioni.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikadanganya kwamba nina mgonjwa. Nilikwenda Kakese kwa miguu. Njia ilikuwa tope tupu, nikavua viatu nikavibeba mkononi. Bibi wa yule mtoto nilimkuta barazani anamenya karanga. Nilimweleza yote bila kukaa.

Mikono yake ilisimama. "Umemtupa wapi?"

"Chooni, bibi."

Nilingoja matusi, hayakuja. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba yangu na kijiji chetu.

"Basi ulikuwa unajua," alisema.

Heri angenipiga. Yule Sista angekitupa, ningesema ni mgeni, hajui. Mimi nilijua, na nilikitupa kwa sababu nilijua, ili mtu yeyote asije akadhani bado mimi ni wa huko.

Bibi aliingia ndani akatoka na kibuyu kikavu. Alikikata shingo, akakikung'uta mbegu, akakifunga kwa kitambaa alichochana kwenye kaniki ya marehemu binti yake. Alifanya kazi ile taratibu. "Mimi nimetengeneza tu," alisema. "Kuomba msamaha ni juu yako. Na usimdanganye. Atajua."

Ijumaa asubuhi watoto walikuwa barazani kwenye mabenchi yao, kila mmoja mahali pake pa kila siku, vikombe vya bati vinatoa moshi wa uji. Walezi wote walikuwapo. Sista alikaa mwisho wa meza. Nilimbeba mtoto, nikamkalisha, nikaweka kibuyu mbele yake.

Alikishika. Akakinusa. Kisha akasema kwa Kikonongo, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, "Si yeye."

Uongo nilikuwa nao tayari ulimini. Ningeweza kusema ameogeshwa tu, ndiyo maana hanuki. Lakini macho yake yalikuwa juu yangu, na nilimwona bibi yake ndani ya macho yale.

"Si yeye," nilimjibu kwa Kikonongo, kwa sauti ya chini, Sista na wenzangu wasielewe. "Yule nilimtupa mimi. Nimekosa. Naomba unisamehe."

"Sema kwa Kiswahili," Sista alisema kutoka mwisho wa meza. "Tusikie sote."

Nikasema kwa Kiswahili. Nilisema kibuyu kilikuwa nini, nani alikitupa, na wapi. Hakuna aliyegusa uji wake. 

Mtoto alifikiri. Kisha akasukuma kibuyu mpaka mbele yangu, akaweka na kijiko. "Mlishe wewe."

Mimi, msomi wa katekisimu, mwenye viatu, nilichota uji nikakilisha kibuyu mbele ya watu wote. Uji ulimwagika shingoni mwa kibuyu ukanichuruzikia gaunini. Mtoto mmoja alicheka, mlezi wake akamnyamazisha. "Tena," msichana alisema. Nikachota tena. Nilipochota mara ya tatu alinishika kifundo cha mkono, akakivuta kijiko, akakipeleka kinywani mwake.

Nililia pale pale, sikujificha. Sista aliinuka, akaleta kikombe kingine cha bati, akakiweka kwenye benchi karibu na kile cha msichana. Baadaye ofisini alinigombeza kweli kweli, si kwa kibuyu, bali kwa zile siku nne za kunyamaza.

Jumamosi treni iliondoka bila yeye. Na mimi nilikilisha kile kibuyu kila asubuhi, mvua na kiangazi, miaka miwili na zaidi, mpaka siku moja aliponizuia mkono. Alikuwa ameota meno mapya ya mbele, na alikuwa na haraka ya kwenda kucheza.

"Mama, inatosha," alisema. "Ndugu yangu amekua. Atakula mwenyewe."